Watoto wafundishwe usalama wa mtandaoni shuleni au tuwanyang'anye tu simu? Tujadili

Wadau wa Arusha na Moshi naomba tulijadili hili bila matusi. Kwenye kikao cha wazazi cha shule moja huku Sakina ililetwa hoja kwamba watoto wa la tano waanze kufundishwa kujilinda mtandaoni, wazazi wengi wakakataa, baba mmoja akasimama akasema mnataka kuwaamsha waliolala, akapigiwa makofi. Mimi sikubaliani naye hata kidogo.

Jamani hao watoto hawajalala. Simu shuleni ni marufuku, sawa, ila jioni mtoto yuko nyumbani na simu ya dada au ile ya zamani ya baba iliyopasuka kioo, bando lipo, na mama bado yuko Kilombero sokoni anauza. Na tangu shule zifungwe kwa korona 2020 homework zinatumwa WhatsApp, kwahiyo simu tumewapa sisi wenyewe.

Kuna mama jirani alinionyesha meseji za binti yake wa miaka kumi na mbili. Mtu kajiita "kaka", picha ya profaili ni kijana wa sekondari. Mwanzoni salamu tu na kumrushia bando, halafu unasoma wapi, mnatoka saa ngapi, halafu nitumie picha, halafu picha nyingine mbaya zaidi, na alipokataa akaambiwa hii ya kwanza namtumia baba yako leo leo. Mtoto akanyamaza, maana fimbo ya baba aliiogopa kuliko yule mtu, na yule mtu alilijua hilo vizuri sana. Hapo ndo hoja yangu ilipo: anayemtishia mtoto anategemea ukali wetu.

Kwahiyo somo la kwanza liwe la sisi wazazi, mtoto akija kusema asipigwe na simu isivunjwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, dawati la jinsia na watoto lipo polisi, namba 116 ya kusaidia watoto ni bure kupiga, lakini vyote hivyo havimsaidii mtoto aliyefunga mdomo. Wafundishwe kutokufuta meseji, ni ushahidi huo, wapige skrinshoti wamwonyeshe mtu mzima.

Kuna wanaosema tufanye kama Australia, walioanza Desemba 2025 kuzuia akaunti za mitandao ya kijamii za walio chini ya miaka 16. Ila kule inayobanwa ni kampuni ihakiki umri wa mwenye akaunti, huku mtoto anaingilia akaunti ya mama yake, utamzuia nani sasa?

Na eti shule hazina kompyuta, hazihitajiki! Mwalimu aandike ubaoni ile meseji ya "hela tuma kwenye namba hii", aulize darasa nani kaituma, anataka nini, mngefanyaje. Mtaona mikono itakavyonyooshwa.

(Na wazazi wenzangu tupunguze kuposti ripoti na mahafali, jina kamili, sare, shule na mtaa, halafu tunashangaa huyo "kaka" kajuaje.)

Ninalotaka kusikia kwenu, hasa walimu mlioko darasani: hili mliingize kwenye kipindi gani, na mkipewa mtaandaliwa na nani? Na wewe unayepinga, mtoto wako akitishiwa leo usiku atakwambia wewe?