Tupeane uzoefu: upole kwa watoto wa praimari, nani amefanikiwa na alifanyaje?

Mwalimu_Magongo
Hamjambo wote. Nafundisha gredi ya tatu, shule ya umma huku Changamwe, Mombasa, darasa limejaa hadi dirishani. Mtaala wa umilisi umetuorodheshea maadili: upendo, heshima, umoja, amani na mengineyo, na paredi ya Jumatatu tunayataja yote. Kengele ya breki ikilia, mmoja keshanyang'anywa kaimati zake, mwingine kaitwa "kibonge" mpaka hataki kucheza. Kwa hivyo hapa sitaki nasaha. Nataka mtu aseme: sisi tulifanya hivi, kikatokea hiki. Wazazi, walimu, hata mliomaliza shule zamani, karibuni.

Naanza mimi. Kwangu watoto hubadilishana madawati kila Jumatatu, na sichagui mimi. Huokota vijikaratasi kwenye kopo la maziwa. Zamani wa Chaani walikaa huku, wa Port Reitz kule, wageni nyuma kabisa. Sasa karibu kila mtoto amewahi kuazima raba ya mwenziwe. Ugomvi haujaisha, ila ule wa kundi zima kumwandama mtoto mmoja umepungua, maana kila anapoandamwa mtu, humo kundini hakosi aliyekaa naye dawati moja juzi tu.

MamaShaa_Likoni
Mwanangu ana kigugumizi. Gredi ya kwanza na ya pili alikuwa akirudi nyumbani kimya, ukimuuliza habari za shule anaingia chumbani. Wenziwe walikuwa wakimmalizia maneno, tena kwa kumwigiza. Kisha akapata mwalimu mmoja, wallahi Mungu amzidishie. Alikuja na kifuu cha nazi. Saa ya hadithi, mwenye kifuu mkononi ndiye msemaji. Wengine hawacheki, hawamsaidii neno, hawainui mkono, mpaka mwenyewe akiweke chini. Na ilikuwa ni kwa darasa zima, ndiyo maana mwanangu hakuona kama katengwa.

Siku moja nilikwenda kusaini ripoti, nikachungulia dirishani. Amekishika kwa mikono miwili, kichwa kainamisha, "ng'ombe" imemkwama hapo hapo kwenye ng'. Darasa zima kimya. Kijana wa dawati la mbele makamasi yanamtoka, hata kuyapangusa amesahau. Likatoka neno. Akaendelea na hadithi yake ya ng'ombe na fisi, ndefu haina kichwa wala miguu, mpaka mwalimu akaanza kutazama saa. Kigugumizi anacho hadi leo. Kuigizwa ndiko kulikokoma.

Kibe_Bamburi
Hicho kifuu shuleni kwetu kingepigwa danadana kabla ya saa nne 😂

Mstaafu_Tudor
Nimeshika chaki kabla ya huo mtaala wenu. Nitasema nisipendwe: zamani kiboko kimoja, na uonevu umekwisha. Leo mtoto anamtukana mwenziwe, mwalimu anampa kijikaratasi achague dawati.

MwalimuSalama_Kisauni
Shikamoo mwalimu wangu. Kwa heshima zote, kiboko kilipigwa marufuku tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya mwili na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi. Lakini tuiweke sheria kando, niwaeleze niliyoyaona. Mahali nilipofundisha kiboko kilikuwepo kimyakimya, na walioiga kwanza ni viranja. Mnaikumbuka ile orodha ya wapiga kelele? Mwalimu ametoka, kiranja amesimama ubaoni na chaki, mwalimu akirudi walioandikwa wanakiona. Basi jina likawa linafutwa kwa pakiti ya mabuyu. Asiye na shilingi tano ndiye mpiga kelele wa kila siku, hata siku aliyolala na homa kwenye dawati. Kitoto cha miaka kumi na moja ndicho askari, ndicho hakimu, na rushwa kinakula!

Akaja mwalimu mkuu mpya, akaifuta. Sisi walimu tulinung'unika, nisiwafiche. Badala yake akataka waandikwe waliowasaidia wenzao. Haikuchukua muda, mabuyu yakarudi, sasa wanahonga ili waandikwe. Ikatupwa nayo. Kilichobaki ni hiki: hakuna mtoto anayeachiwa uwezo wa kumpeleka mwenziwe kwenye adhabu. Viranja wanahesabu vitabu, wanawavusha barabara wa gredi ya kwanza, wanawapangia foleni ya bomba na kuwafunga kamba za viatu. Na nimeona, anayemfunga mdogo kamba za viatu kila asubuhi hamzabi kofi mchana. Kelele zenyewe zipo, tena nyingi.

Mstaafu_Tudor
Marahaba mwanangu. Hilo la mabuyu silibishi. Enzi zetu ilikuwa viazi karai. Haya, endeleeni.

BabaNeema_Mikindani
Sisi ni Wakristo, na darasa la binti yangu lina Waislamu wengi. Ramadhani ilikuwa na ugomvi wake kila mwaka. Waliofunga wanawaita wenzao walafi, nao wasiofunga wanakuja kutafuna chapati mbele yao makusudi. Mwalimu wa gredi ya nne hakuwahubiria. Aliwakalisha, akawaacha waulizane chochote. Mtoto mmoja akauliza, mtu akimeza mate saumu imebatilika? Akajibiwa na kijana wa miaka tisa kwa kirefu, ustadhi mtupu, na mifano juu. Kisha wakapanga wenyewe: wanaokula wakae upande wa jikoni, kivuli cha mwarobaini wapewe waliofunga, na saa ya michezo waliofunga wawe marefa na washika saa, wasiachwe wamekodoa macho kwenye jua la Mombasa. Malalamiko niliyoyasikia nyumbani ni moja tu, kwamba refa mwenye njaa hutoa kadi nyekundu ovyo.

Ushauri_Nyali
Nafanya ushauri nasaha na shule kadhaa hapa mjini. Iko programu ya kuzuia uonevu shuleni inaitwa KiVa, iliundwa Chuo Kikuu cha Turku, Finland. Wao hawaishii kwa mchokozi na anayechokozwa. Macho yao yako kwa watazamaji, wanaocheka na wanaonyamaza, kwa sababu mchokozi anatafuta ukubwa mbele ya hao. Huku kwetu ni vivyo hivyo. Kuna binti alihamia kutoka bara, kila akifungua mdomo kuna kijana anaiga Kiswahili chake. Anayeiga ni mmoja, wanaoangua kicheko ni nusu ya darasa. Tukaachana na huyo mmoja, tukawachukua wanaocheka. Tukawafundisha kitu kidogo mno: ukiona, usigombane, usimhutubie mtu. Mwendee anayechekwa, mwambie "Njoo twende tukacheze", muondoke. Tulilifanya kama igizo, kwa zamu, kila mmoja apite, maana mtoto ukimwambia tu awe mwema hajui aanze na mguu upi.

Breki moja nikaona msichana ameiacha kamba yake ya kuruka chini, akakatiza uwanja, akamshika mgeni mkono, wakaenda. Mwigaji akaiga tena kidogo, hakuna wa kumchekea, akajitia kwenye foleni ya maji. Sisemi kila siku huwa hivyo. Kuna siku wote hucheka.

Kibe_Bamburi
Na mwalimu mwenyewe akiwa ndiye anayemwita mtoto mjinga mbele ya watu? Mbona hilo hamligusi? Mdogo wangu aliitwa hivyo muhula mzima, darasa likalidaka, mpaka watoto wa mtaani wakawa wanamwita hivyo hivyo.

MwalimuSalama_Kisauni
Kibe, pole sana, na mpe pole huyo mdogo wako. Hayo ndiyo mateso ya kiakili yaliyotajwa kwenye sheria. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu na barua, abaki na nakala. Asiposikizwa, bodi ya usimamizi ya shule, kisha ofisi ya elimu. Tume ya Huduma za Walimu pia hupokea malalamiko. Na mambo yakifika kwenye kupigwa au kushikwashikwa, kuna namba 116 ya Childline Kenya, ni bure, usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kwangu nimeiandika juu ya ubao, karibu na tarehe.

BabaNeema_Mikindani
116 nimeiandika hapa kwa mlango wa friji.

Mwalimu_Magongo
Asanteni jamani. Hiyo ya "Njoo twende tukacheze" naianza wiki ijayo, na mwalimu mstaafu karibu uje uone. MamaShaa, swali dada: nina watoto zaidi ya sitini. Kifuu kimoja kitazunguka mpaka Idi. Yule mwalimu alifanyaje?

MamaShaa_Likoni
Vikundi, mwalimu. Kila kundi lina kifuu chake, naye anapita katikati akisikiliza, leo anaketi na hawa, kesho na wale. Vifuu waombe wauza nazi hapo sokoni, wanaokuna wana mafurushi, utapewa bure au kwa bei ya kuni. Ila kingo zisugue kwa msasa kwanza, zinakata.