Kikosi cha ndoto Afrika Mashariki: mastraika sita uwanjani, namba tatu, yaani beki wa kushoto, anacheza nani?

Wakuu, leo nasema. Nimekaa na hili tangu Agosti 2025, ile CHAN, michuano ya Afrika ya wanaocheza ligi za ndani, tuliyoandaa nchi tatu, tulipotolewa robo fainali wote ndani ya siku mbili. Sisi Watanzania tulifungwa na Moroko 1-0, Kenya wakatolewa na Madagaska kwa penalti, Uganda wakafungwa na Senegali 1-0. Toka hapo kila kijiwe ni wimbo huohuo: "Tungeunganisha timu tungebeba." Wazo silipingi. AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 inakuja kwetu, nchi hizihizi tatu, lazima watu waote. Kinachonichefua ni vikosi mnavyopanga.

Kuna redio moja, jina sitaji, iliitisha shindano. Panga kikosi cha pamoja, tuma, mshindi apate jezi. Nikachukua daftari la mwanangu, nikageuza ukurasa wa nyuma, nikakaa nalo jioni nzima. Nikafuta, nikaandika, nikafuta tena hadi karatasi ikatoboka. Nikatuma. Kesho yake asubuhi mtangazaji anasoma cha kwangu hewani, kafika kwa Walusimbi, beki wa kushoto wa Uganda, akasimama. "Walusimbi ndiyo nani tena?" Wenzake wakaangua kicheko, kikosi changu kikaishia hapo, hakikusomwa kilichobaki.

Aliyeshinda alikuwa na Samatta, Olunga, Okwi, Oliech, Kagere na Berahino, mastraika sita, wote wanaanza. Kiungo ni Wanyama peke yake. Mabeki watatu, na kushoto kamweka Msuva. Msuva, winga, eti beki wa kushoto! Studio nzima wakapiga makofi.

Kwanza hao watu hawakucheza zama moja. Oliech anaingia Nantes mwaka 2005 Samatta ana miaka 12. Mkitaka kuchanganya zama semeni tangu mwanzo, tuwalete na wale Uganda wa 1978 waliofika fainali ya Afrika kule Accra. Lakini kama tunaulizana nani angeshinda na nani, lazima tushike mwaka mmoja. Na mwaka upo. Ni 2019, AFCON ya Misri, maana ndipo Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi zilikuwa kwenye mashindano mamoja, jua moja, mpira mmoja.

Haya, tuangalie makundi. Mechi tatu tatu. Kenya waliruhusu mabao 7. Sisi 8. Uganda 3 tu, na ndio pekee waliovuka kwenda 16 bora. Burundi hawakufunga hata moja, lakini waliruhusu 4, yaani machache kuliko sisi na kuliko Kenya. Niambieni, ni kikosi gani cha ndoto mmewahi kuona kina beki wa Burundi? Mnamkumbuka Berahino kwa sababu alicheza Uingereza. Waliozuia nyuma yake hamna habari nao.

Ile mechi yetu na Kenya, Juni 27, niliiangalia kibanda umiza, nimekaa benchi la pili. Dakika ya 6 Msuva anafunga, benchi letu likaanguka kwa furaha. Dakika ya 39 Olunga anasawazisha kwa tikitaka. Hatujakaa vizuri, ya 40 Samatta anatupeleka mbele tena. Tukaenda mapumziko tunaongoza 2-1. Kipindi cha pili Omolo kwa kichwa, kisha Olunga dakika ya 80, basi. Tumeongoza mara mbili, tumerudi nyumbani na 3-2. Samatta kafunga, Msuva kafunga, mastraika wametimiza kazi yao. Sasa mtu aliyeiona mechi ile anaunganisha nchi zote hizi, halafu anaenda kuongeza mastraika?

Unaunganisha timu ili uzibe matundu. Kama sisi nyuma tunavuja na Uganda hawavuji, chukua ukuta wa Uganda. Kipa wao Denis Onyango yule, mchezaji bora wa Afrika wa 2016 kwa wanaocheza barani, aliidaka penalti ya Mané wa Senegali kwenye 16 bora. Uganda walitolewa 1-0 na Senegali iliyofika fainali. Hao ndio watu wa kuanza nao, kisha unauliza mbele aongezwe nani.

Na hili la namba tatu linaniuma kwa sababu nimeicheza miaka tisa, timu ya kata, uwanja wa shule wenye mteremko kushoto. Masika maji yote yanakusanyika upande wako. Winga wao kapata mpira, ana nafasi, wewe unarudi nyumanyuma, macho kwenye mpira, usiangalie miguu yake inavyocheza, unamsukuma polepole aende kwenye chaki. Ukimvamia, umekwisha. Ukimwacha aingie ndani, umekwisha. Unamchelewesha hadi namba sita wako, kiungo mkabaji, afike. Ukifanikiwa hakuna anayeshangilia, mpira umetoka nje tu, warushe. Kazi hiyo inafanyika mara thelathini kwenye mechi, na mara moja ikikushinda jukwaa zima linajua jina lako. Leo mtu hajawahi kukaba hata kuku ananiambia Msuva "atashuka kusaidia". Winga akishuka dakika zote tisini umemuua, hana tena pumzi ya kwenda kufunga.

Msiniambie ni mchezo tu wa kuandika majina. Waingereza waliunganisha kweli, Olimpiki ya London 2012. Kwa jina ni Uingereza nzima, lakini kikosi cha wanaume cha watu 18 kikatoka watu wa England na Wawelsi tu, hakuna Mskoti wala mtu wa Ireland Kaskazini. Ryan Giggs nahodha. Wakatolewa robo fainali na Korea Kusini kwa penalti, palepale Cardiff.

Na sisi Watanzania ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kuchukulia jambo hili juu juu, maana Taifa Stars yenyewe ni timu ya kuunganisha. Zanzibar waliingizwa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Machi 2017, Julai mwaka huohuo wakaondolewa. Desemba wakaenda Kombe la Challenge, la Afrika Mashariki na Kati, kule Kenya, wakaifunga Bara 2-1, wakafika fainali, wakaisumbua Kenya 2-2 hadi penalti. Hawa wanajua maana ya kuacha bendera yako na kuvaa jezi ya pamoja. Fei Toto wa Zanzibar anaivaa kila siku. Hakuna hata mmoja anayewauliza.

Basi kikosi changu ni hiki, cha 2019, nakiweka chote maana redioni kilikatwa. Golini Denis Onyango. Kulia Nicholas Wadada. Kati Joash Onyango na Murushid Juuko. Kushoto Godfrey Walusimbi, ndiyo, huyohuyo mliyemcheka. Viungo Aucho na Wanyama, wote wakabaji, na siombi radhi. Pembeni Msuva kulia, pale anapostahili, na Okwi kushoto, aliyefunga mawili makundi. Mbele Samatta na Olunga. Benchi kuna Manula, Omolo, Fei Toto, Berahino.

Watanzania ni wawili tu wanaoanza, najua mtanitukana. Anayetaka kubadilisha alete lake, lakini aanze kwa kutaja namba tatu wake, kisha aseme mtu huyo alimkaba nani pale Cairo. Mastraika tutawajadili baadaye.