Sampu ya gia boksi isiyo na nati ya kumwagia oili: kutoboa, kuchomelea, sampu mpya au pampu?

Spana_Kumi: Wakuu salaam. Tahoe ya 1997, gia boksi ya otomatiki 4L60-E, sampu (beseni la oili chini yake) ya bati haina nati ya kumwagia. Kuna seti ya kutoboa na kufunga kwa nati (mwili wenye plagi, washa na nati ya ndani), kuchomelea nati, kununua sampu ya alumini yenye nati yake, au kunyonya kwa pampu kupitia bomba la dipstiki. Ipi inadumu?

Mkata_Bati: Mkuu, kwanza ujue nati inakupa nini. Ukishusha sampu hiyo zinatoka kama lita 4.7. Gia boksi nzima inabeba takriban lita 11, na sehemu kubwa ya zinazobaki iko kwenye konveta (kiunganishi cha oili kati ya injini na gia boksi). Nati haibadilishi hesabu hiyo, na filta bado inakulazimu kushusha sampu. Faida ni moja: sampu inashuka ikiwa tupu, haikumwagii oili hadi kwapani.

Mimi nasimama na seti ya kutoboa, ila sampu iwe mezani. Ukitoboa ikiwa kwenye gari, unga wa chuma unabaki ndani na kuishia kwenye valvu na solenoidi (valvu za umeme za gia). Seti nyingi zinataka tundu la nusu inchi, yaani 12.7 mm. Anza na biti ya 3 mm, panua kidogo kidogo, weka kipande cha mbao nyuma ya bati lisibonyee, kisha piga tupa kingo za tundu pande zote mbili.

Mahali pa tundu ndipo watu wengi wanapoharibu. Filta ya 4L60-E imekaa karibu sana na sakafu ya sampu. Kabla ya kutoboa, weka nati ya ndani pale unapotaka tundu, bandika donge la unga wa ngano uliokandwa juu yake, rudisha sampu na gaskiti kwa boliti nne zilizokazwa kwa mkono, ishushe uangalie donge limebaki na unene gani. Chini ya 3 mm, hamisha mahali pa tundu. Na kichwa cha nje kielekee nyuma, kisipokee mawe.

Welda_wa_Gereji: Seti ina kasoro mbili. Nati ya ndani imeinuka, kwa hiyo oili chafu inabaki chini ya ukingo wake. Pili, ukifungua plagi kwa spana moja mwili wote wa seti unazunguka na washa inakatika. Shika mwili kwa spana ya pili, kila mara.

Kuchomelea hakuna washa ya kuvuja, lakini bati ni jembamba na joto linapinda ukingo wa gaskiti. Funga sampu kwa boliti kwenye bamba nene kabla ya kuchomelea, choma vipande vifupi, acha ipoe. Usitumie nati yenye zinki: moshi wake unaumiza mapafu na mchomo unatoka na matundu. Ukimaliza, ilaze juu ya kioo. Mwanga ukipita chini ya ukingo, inyooshe. Jaribu kwa mafuta ya taa usiku kucha kabla ya kuifunga.

Dipstiki: Pampu kwa mwenye haraka ni sawa, mpira wake ukipita kwenye bomba la dipstiki unafika sakafuni mwa sampu. Lakini tope na unga ulioshikwa na sumaku vinabaki palepale.

Mkata_Bati: Welda, kwenye nati ya ndani nakubali. Wanaotumia seti wakate mifereji miwili kwa tupa kwenye ukingo wake, oili ishuke yote.

Spana_Kumi: Na sampu ya alumini?

Welda_wa_Gereji: Ni nzuri kama bajeti inaruhusu. Uliza kina chake: sampu ndefu inataka filta yake, na oili inaongezeka. Pima nafasi na bomba la ekzosi. Ukirudisha ya bati, gonga taratibu mashimo ya boliti yaliyobonyea, kaza boliti zote 16 kwa kupishana hadi 11 Nm, si zaidi. Weka Dexron-VI (oili ya gia boksi za otomatiki) kiasi kile kile kilichotoka, kisha soma dipstiki injini ikiwa imewaka, gia kwenye P, oili ikiwa moto.

Dipstiki: Angalia tena baada ya kilomita 50. Washa mpya hulegea kidogo ikishapata joto.