Tupeane uzoefu: unapunguzaje pombe bila kuhama kijiwe?

Mleta Mada
Wakuu, bili za baa za kila Ijumaa zimenikumbusha hili. Kuacha kabisa kuna nyuzi zake. Hapa tuongelee kupunguza tu: washkaji wale wale, baa ile ile. Kinachofanya kazi na kinachofeli, kwa vipimo. "Jitahidi tu mkuu" hatuitaki.

Kaunta ya Nyuma
Shida ni raundi. Meza ya watu watano, kila mmoja akizungusha, kila mmoja kashashusha tano, hata yule aliyekuja na nia ya mbili. Na kasi anaipanga mwenye koo refu kuliko wote, maana ndiye anayeita mhudumu. Ukifika, kabla hujakaa, pitia kaunta ufungue bili yako peke yako. Mwambie mhudumu: "Ofa yoyote ikija kwangu, usifungue mpaka uniulize." Hapo kwenye kufungua ndipo pa kushika. Chupa yenye kizibo inarudi kwenye friji, au inaandikwa ikungoje kesho. Ikishafunguliwa ni yako, na meza nzima inakutazama. Mhudumu mpe chake mapema; ukingoja wakati wa kuondoka, kazi imeshaharibika.

Pia chupa tupu zisiondolewe mezani. Zikiondolewa, kufika ya tatu mtu anaapa yuko ya pili.

Dada wa Supu
Hapo kwenye kizibo umemaliza.

Toti Moja
Tuweke hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi. Ini linasafisha gramu 7 mpaka 10 kwa saa, kwa hiyo chupa moja inataka saa mbili au zaidi. Anayeanza saa 11 jioni na anayeingia saa 2 usiku wakiondoka pamoja saa 5, mmoja ana saa sita za kunywa, mwingine tatu. Chelewa kufika, hiyo pekee ni nusu ya kazi. Kahawa na maji ya kuoga haviharakishi chochote.

Mzee wa Kichupa
Ndiyo maana wengine tumehamia Konyagi, haijazi tumbo na unakunywa kidogo.

Toti Moja
Kidogo gani, mkuu? Konyagi ni asilimia 35. Kile kichupa cha mililita 200 kina kama gramu 55, karibu bia tatu, na kinaisha haraka kuliko bia mbili. Viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, lakini kichupa nacho kinaingia mfukoni vile vile. Ukichanganya na kinywaji cha kuongeza nguvu ndiyo kabisa: usingizi unakimbia, ulevi uko pale pale, unajiona mzima.

Bia Moto
Agiza ya moto badala ya baridi. Haishuki haraka.

Jokofu
Uongo mtupu. Kanda ya Ziwa kuna watu wanakunywa moto kreti zima.

Bia Moto
Hao ni wao. Kwa mtu wa baridi inapunguza mwendo.

Dada wa Supu
Ninyi wawili kafungueni uzi wenu. Mtu apate kula kwanza: ugali na nyama, nusu saa kabla ya chupa ya kwanza. Chakula kinachelewesha pombe kutoka tumboni. Nyama choma ya mezani siyo hiyo. Chumvi na pilipili zinaita kiu, kiu inaita chupa. Weka chupa kubwa ya maji pembeni, glasi moja kila baada ya bia.

Flagyl Kingi
Sema uko kwenye Flagyl, dawa isiyochanganywa na pombe. Hakuna atakayebisha.

Jokofu
Dozi ya siku saba. Wiki ya pili utasema nini, una amiba wa kudumu?

Nesi wa Zamu
Naona mnacheka, ila yupo mtu atasoma hapa na kusema "kesho naacha yote." Anayekunywa wikendi tu, kwa kawaida kukata ghafla hakumletei shida. Anayekunywa nyingi kila siku, na asubuhi lazima azimue ndipo mikono itulie, asikate ghafla akiwa nyumbani peke yake. Arosto ya pombe, yaani mwili kuidai pombe iliyokatwa, inaanza kama saa 6 baada ya chupa ya mwisho: mikono inatetemeka, jasho, moyo mbio, kutapika. Kati ya saa 12 na 48 degedege linaweza kumwangusha mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa. Siku ya pili mpaka ya nne wengine wanachanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani, wanapata homa. Ndugu wanasema karogwa, wanampeleka kwa mganga, na hapo ndipo anapofia. Hospitali wana diazepamu ya kutuliza na sindano ya vitamini B1. Hospitali ya rufaa ya mkoa inatosha kuanzia.

Mzee wa Kichupa
Sasa umetutisha mpaka bia imechacha.

Mleta Mada
Nesi, huyo wa kila siku ashushe vipi basi?

Nesi wa Zamu
Kwa daktari, na hatua ndogo ndogo. Kama anakunywa nane, asirukie mbili.

Kaunta ya Nyuma
Kwa wa Ijumaa: toniki na ndimu bila pombe, kwenye glasi ya jini, barafu mbili. Hakuna anayeuliza.

Bia Moto
Wanauliza bei. Na ya moto bado inafanya kazi.