Tupeane uzoefu: watu wanajuaje kwamba huyo paka ni wako? Kola, kibati au chipu?

Mkazi wa Tabata (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Paka wangu dume alipotea siku 9, tumezunguka Tabata na picha kwenye simu mpaka miguu inauma, kumbe yupo mtaa wa nne tu kwa mama lishe anakula vichwa vya samaki, kanenepa kuliko alivyoondoka. Namwambia mama huyu wangu, ananiuliza "alama yake iko wapi?" Sina. Kanipa paka lakini kwa jicho la kuniona mwizi. Nyie mnaofuga mnatumia nini?

Bibi Paka Tanga
Kola, ila chonde usinunue ya mbwa mdogo ile yenye kifungo cha chuma kama mkanda wa suruali. Wangu alijaribu kuivua mguu wa mbele ukapita ndani, akakaa nayo siku 2 huko alikojificha, kurudi kwapa lote kidonda. Siku hizi namvalisha zile zinazofyatuka zenyewe akinasa kwenye tawi au bati, na nahakikisha vidole viwili vinapita kati ya kola na shingo. Kweli anazipoteza, mwaka huu kashapoteza 3, ila bora ipotee kola.

Baba Wawili Moro
Mi nilienda kwa fundi mihuri akanichongea kibati chenye namba ya simu. Wiki ya pili napigiwa, "we ndo mwenye paka mweupe? kala vifaranga watatu, tuma hela na ya kutolea". Nikatuma. Wiki iliyofuata nyumba nyingine tena. Saa hizi naona hata wale wanaobebwa na mwewe nalipa mimi.

Mleta uzi
😂😂 pole mkuu. Na hizi chipu je, unaweza kuona kwenye simu paka alipo?

Mswahili Leicester
Hapana ndugu, wengi wanachanganya hapo. Chipu ni kitu kidogo kama punje ya mchele, anachomwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega, haina betri wala GPS. Ukipitisha skana inatoa namba tu, tarakimu 15, basi. Huku England ni sheria tangu tarehe 10 Juni 2024, paka awe nayo kabla hajafikisha wiki 20, ukikaidi faini inafika pauni 500. Na hiyo namba lazima isajiliwe pamoja na namba yako ya simu. Mimi nilihama nyumba nikabadili na laini, nikasahau kusahihisha, paka kaokotwa wanapiga namba iliyokufa. Nilimpata kwa sababu tu jirani wa zamani aliona tangazo ukutani.

Dada wa Nairobi, sasa Munich
Mkiwa na mpango wa kusafiri naye nisikilizeni mimi maana nimelia. Daktari alimchanja kichaa cha mbwa kwanza, chipu akamwekea wiki mbili baadaye. Mimi sikujua kitu. Kumbe Ulaya chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, maana hakuna cha kuonyesha aliyechanjwa ndo huyuhuyu. Nikarudia chanjo, nikasubiri siku 30 ndo akatolewa damu ikapimwe kinga, halafu kwa anayetoka Kenya ni miezi 3 mingine kuanzia siku ya kutolewa damu, na Tanzania ni hivyohivyo. Tiketi nikasogeza, paka akabaki kwa mamangu aliyekuwa hataki hata kumuona, sasa mama akipiga simu anamuulizia paka kwanza kabla yangu.

Bibi Paka Tanga
Sasa huku mtaani chipu nani ataisoma, mama lishe ana skana? 😅

Mswahili Leicester
Ndo maana nasema vyote viwili shangazi. Kola ni ya jirani, chipu ni ya daktari na uwanja wa ndege. Na kabla hujalipia muulize huyo daktari kama skana anayo, isije ikawa anaweka kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukisoma.

Mleta uzi
Nimewaelewa. Kola ya kufyatuka nimeshanunua leo, kesho naenda kwa fundi mihuri. Shida imebaki jina, sisi tunamwita Simba hajawahi kugeuka, mama lishe anamwita Dogo anaenda mbio.

Baba Wawili Moro
Andika Dogo. Na namba weka ya mama lishe, vifaranga vikiliwa apigiwe yeye.