RE: Kazi za mtandaoni na Student visa: nimeitwa ofisini

Kutoka: Kijana wa Uyole (Leicester)
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Juzi nimeitwa ofisi ya viza ya chuo. Kuna mtu kaiona profaili yangu ya Upwork, ile tovuti ya kazi za mtandaoni, natafsiri Kiswahili na kuandika maneno ya sauti zilizorekodiwa. Dada wa ofisini akanisomea masharti: saa 20 kwa wiki ni za kuajiriwa tu, kujiajiri hapana. Mimi nilidhani saa ni zangu, nizitumie nipendavyo! Maswali mawili. Kwenye akaunti kuna dola 180 sijazitoa: nizitoe au nisiziguse? Na mdogo wangu yuko Uyole na diploma yake, kazi hana. Aanzie wapi asiibiwe?

Kutoka: Mama Lusajo (Reading)
Pole mwanangu. Soma BRP yako, ile kadi ya ukaazi, masharti yameandikwa. Mimi nilikuja kama dependant (mtegemezi wa mwenye viza) 2011, nikashona vitenge nauza mtandaoni, nikachukua UTR, namba ya mlipakodi, na kila Januari kabla ya tarehe 31 najaza Self Assessment, fomu ya kodi. Sijawahi kuitwa popote.

Kutoka: Mnyalu (Ujerumani)
Mama, BRP zilikufa mwisho wa 2024, sasa ni eVisa, ya mtandaoni. Na dependant si student, usimchanganye kijana. Huku mwanafunzi ana siku 140 za kufanya kazi kwa mwaka, na kujiajiri unaombea kibali ofisi ya wageni. Cha kwangu nilikisubiri mpaka mteja akaoa, akahama, akanisahau. Kwa mdogo wako: kazi halali haidai hela. Basi.

Kutoka: Dada wa Mafiati (Mbeya, nimesharudi)
Kaka Mnyalu, si kweli. Upwork wenyewe wanauza Connects, tiketi za kuombea kazi, senti 15 za dola kila moja, na kuomba kazi moja kunaweza kula zaidi ya kumi. Huo si wizi. Wizi ni ule wa Telegram: laiki video, siku ya kwanza unatumiwa elfu tano kweli, siku ya tatu unaambiwa uweke laki moja "kupanda ngazi". Binamu yangu kule Kyela mpunga wa msimu mzima umepandia ngazi hiyo.

Mdogo wako afungue akaunti yake, jina kama lilivyo NIDA, herufi kwa herufi. Usimwazime ya kwako! Siku wakitaka kuona uso wake kwenye kamera mtasema nini? PayPal ya Tanzania inatuma, haipokei, kwa hiyo achukue Payoneer ya kupokelea malipo. W-8BEN ni fomu ya kodi ya Marekani, ya kusema yeye si Mmarekani, asiikimbie. TIN ya TRA ni bure, anayemtajia bei ni kishoka.

Ila ajiandae. Intaneti ilipozimwa Oktoba 29, 2025, nilikuwa na faili la sauti la saa mbili la kukabidhi kesho yake. Iliporudi mteja kaniuliza, "Nchi nzima?" Nikamjibu ndiyo, nchi nzima. Akanipa nyota mbili.

Kutoka: Mnyalu (Ujerumani)
Nilimaanisha kiingilio, Dada, sikutaja Connects. Someni kwanza.

Kutoka: Mzee wa Tukuyu (Ohio)
Nyota mbili! Uwazimie watu wazima intaneti siku ya kupiga kura, halafu uwaambie vijana wajiajiri mtandaoni? Wanajiajiri na nini, na njiwa? Mimi tangu siku ile...

Kutoka: Mratibu
Mzee, shikamoo. Siasa tulikubaliana zina mahali pake.

Kutoka: Mzee wa Tukuyu (Ohio)
Marahaba. Haya, nanyamaza. Leo theluji imefika magotini, nimekaa nawaza mbalaga, ndizi zetu za kupika, na maharage, mvua ya Rungwe inagonga bati. Mke wangu kajaribu ndizi za hapa. Tumekula kimyakimya, hakuna aliyetaka kumuumiza mwenzake.

Kutoka: Dada wa Mafiati (Mbeya, nimesharudi)
Mzee, hapa mvua imeanza toka asubuhi na umeme umeshaondoka. Naandika kwa bando la simu.

Kutoka: Kijana wa Uyole (Leicester)
Asanteni sana, mdogo wangu nimemtumia yote ya Dada. Na zile dola 180?

Kutoka: Mama Lusajo (Reading)
Kuna anayekuja kutoka Mbeya mwezi huu? Naomba majani ya chai ya Tukuyu, pakiti mbili tu. Hela natuma leo.