Kupakua rekodi za PUMS za Ofisi ya Sensa ya Marekani

Mwanaisimu: Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninaandaa tasnifu kuhusu watu wanaozungumza Kiswahili majumbani kwao nchini Marekani, na kwa kazi hiyo nahitaji rekodi za PUMS (sampuli ya majibu ya mtu mmojammoja, bila majina, inayotolewa kwa umma) za utafiti uitwao American Community Survey, toleo la miaka 5, yaani linalounganisha data za miaka mitano. Faili la nchi nzima, csv_pus.zip, hukatika katikati kila nikilipakua kwa kivinjari, kisha hunilazimu kuanza upya. Nakala niliyopewa na mwenzangu nayo Excel huionyesha nusunusu. Nifanyeje?

Fundi Data: Suala la kukatika lina dawa. Achana na kivinjari, utumie wget, programu ya kupakulia mafaili, kwa kuandika amri ya `wget -c` ikifuatwa na anwani ya faili, nayo itaendelea pale ilipokomea. Tatizo la Excel halitibiki, kwa kuwa jedwali lake moja huishia mstari wa 1,048,576, ilhali matoleo ya karibuni ya miaka 5 yana rekodi za watu zaidi ya milioni 15. Ukishafungua zip utakuta vipande kadhaa, psam_pusa.csv, psam_pusb.csv na kuendelea; vigezo, yaani safu za data, ni vilevile ila watu ni wengine, kwa hiyo usisome kipande kimoja ukadhani umemaliza nchi.

Bi. Takwimu: Mimi ningeuliza kwanza kama faili zima unalihitaji kweli. Kwa swali lako vinatosha vigezo vichache: LANP ambacho ni lugha ya nyumbani, STATE ambacho ni jimbo (kabla ya matoleo ya 2023 kiliitwa ST), AGEP ambacho ni umri, pamoja na uzito PWGTP, yaani idadi ya watu ambao kila rekodi inawawakilisha. Ofisi ya Sensa ina API, yaani njia ya kuomba data moja kwa moja kupitia anwani ya mtandao, inayokuruhusu kuomba vigezo hivyo tu, tena kwa kuchuja msimbo wa Kiswahili unaopatikana katika kamusi ya data ya toleo husika, na ukapata jibu dogo linalofunguka hata kwenye kompyuta dhaifu. Ukipenda mafaili, yapo pia ya jimbo mojamoja. La watu wa Minnesota, kwa mfano, ni csv_pmn.zip. Kuhangaika na nchi nzima kwa ajili ya safu nne ni kujitesa bure.

Fundi Data: Nakubaliana na Bi. Takwimu, ila akitaka makadirio ya kosa la sampuli aongeze na safu 80 za uzito wa marudio, PWGTP1 hadi PWGTP80, maana ndizo zinazotumika kulikokotoa.

Mwanaisimu: Nawashukuru sana. Je, idadi ya wasemaji ni idadi ya mistari nitakayoipata?

Bi. Takwimu: Hapana. Kila mstari huwakilisha watu wengi, hivyo jumlisha PWGTP. Kumbuka pia kwamba swali la lugha huulizwa kwa wenye umri wa miaka 5 na zaidi, kwa hiyo watoto wadogo wa familia hizo hawamo katika jumla yako, na inafaa uliandike hilo chini ya jedwali.